Mafundi wa Kipunjabi wa Kibos na Nyamasaria

Nyamasaria iko mashariki ya mji wa Kisumu, pale barabara ya kutoka Nairobi inapovuka mto wa jina hilohilo kabla ya kuingia mjini. Kilomita chache kuelekea kaskazini, chini ya vilima vya Nandi, iko Kibos, stesheni ya mwisho ya reli kabla ya Kisumu. Ardhi hapa ni uwanda wa Kano: udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Hii ni mojawapo ya sehemu chache sana za Kenya ambako Wahindi waliishi mashambani kama wakulima na mafundi. Historia ya Wahindi wa Kenya kwa kawaida huandikwa kutoka upande wa duka, ndiyo maana maisha ya fundi wa shambani na jamaa yake yamesahaulika kupita kiasi.

Mwanzo wa maisha hayo ni reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo. Wakati huo ufuo huu ulikuwa bado sehemu ya Uganda. Ulihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Wafanyakazi wapatao 32,000 walikuwa wameletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walifariki kazini, na baada ya mikataba kwisha walibaki kiasi cha 6,700. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo maseremala, wahunzi na waashi, hasa Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, ambayo huko Punjab ndiyo jamii ya useremala na uhunzi tangu zamani.

Kwa nini baadhi yao walitua Kibos na si kwenye nyanda za juu zenye baridi na rutuba? Jibu limo katika sera ya ardhi. Mwaka 1903 serikali ilianzisha makazi ya wakulima Wahindi hapo Kibos. Miaka mitatu baadaye Lord Elgin, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliafiki msimamo kwamba ardhi ya nyanda za juu kati ya Kiu na Fort Ternan isigawiwe mtu asiye Mzungu. Kwa hiyo Mhindi aliyetaka shamba upande huu wa nchi alibakiwa na ukanda wa chini, kutoka Fort Ternan hadi ziwani, wenye joto, mbu na mafuriko. Hata ukanda huo haukuwa mtupu. Ulikuwa ardhi ya Wajaluo wa Kajulu na Kano, na uamuzi wa kuugawa ulipitishwa juu ya vichwa vyao.

Wakulima wa Kibos walijaribu pamba, mpunga na mazao mengine, lakini kilichoshika ni miwa. Miwa huhitaji chuma, na palipo na chuma fundi hapotei. Kabla ya viwanda vikubwa, miwa iligeuzwa sukari nguru palepale shambani. Maksai walizunguka wakivuta mti mrefu uliozungusha rola nzito za chuma. Miwa ikasukumwa katikati ya rola, na maji yake yakatiririka hadi kwenye karai pana lililokaa juu ya tanuri. Makapi yaliyokauka juani yakawa ndiyo kuni. Chokaa kidogo ilitiwa ili uchafu upande juu kama povu, povu likaenguliwa, na uji ule ukakorogwa bila kupumzika mpaka ukawa mzito na rangi ya udongo, kisha ukamiminwa kwenye vyano ugande. Rola zikilika, miwa ilitoka bado ina maji. Karai likipata ufa, kazi ya siku nzima ilimwagikia motoni. Fundi ndiye aliyechonga upya meno ya rola na kuziba karai kwa ribiti. Mavuno ya watu wengi yalitegemea mkono wake.

Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilifunguliwa Miwani, mashariki ya Kibos, mwaka 1922. Kilihitaji watu wa boila, wa mitambo na wa reli ndogo za shambani, nao waliokuwa karibu ni wana wa mafundi hawa. Plau za kukokotwa na ng'ombe na vinu vya posho vilipoenea Nyanza, kazi iliongezeka. Wajaluo walikuwa na wahunzi wao, na majembe ya majirani zao Wasamia yalikuwa yakiuzwa mbali kabla reli haijafika. Lakini wembe wa plau uliovunjika na vali ya injini vilikuwa mambo mapya kwa kila mtu.

Mwana wa mhamiaji alizaliwa katika hali tofauti na baba yake. Baba alikuja na mkataba. Mtoto alikuja duniani na fuawe na mivukuto vikiwa uani. Karakana na nyumba vilikuwa kitu kimoja: mama alikamua ng'ombe, akasindika samli na kuwalisha vijana wa kazi, na mara nyingi ndiye aliyejua nani anadaiwa nini. Nyumbani kilisemwa Kipunjabi, karakanani Kijaluo na Kiswahili. Shule zilitengwa kwa rangi, hivyo mtoto wa fundi alipelekwa shule ya Wahindi mjini, wakati kijana Mjaluo aliyeshika koleo pamoja naye jioni alisoma kwingine, kama alisoma. Ubaguzi huo uliwatenganisha watoto ambao kazi ilikuwa imewaunganisha, na ni haki kuutaja kwa jina lake.

Mfano wa kizazi hiki unaojulikana zaidi ulitoka Kericho, juu ya uwanda huu. Joginder Singh, mwana wa mhamiaji kutoka Punjab, alizaliwa huko mwaka 1932 na kukulia katika ufundi wa magari. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya magari ya Safari kwa Volvo iliyokwisha tumika, naye akashinda tena 1974 na 1976. Wakenya walimwita Simba.

Miaka ya uhuru iliwajia mafundi wa Kibos na Nyamasaria pamoja na maji. Mvua za 1961 na 1962 zililifurisha uwanda, na ziwa likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache. Kisha likaja swali la uraia, ambalo wasio raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili kulijibu baada ya Desemba 1963. Sheria za 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana waliobaki na pasipoti za Uingereza, na Uingereza nayo ikawafungia mlango kwa sheria ya Machi 1968. Wahindi wa Kenya walikuwa 176,613 katika sensa ya 1962. Ya 1969 ilihesabu 139,037. Jamaa nyingi zilikatika vipande: kaka mmoja Uingereza, mwingine Kanada, mmoja akabaki na mashine.

Waliobaki waliendelea na miwa, usafirishaji na gereji. Kibos ina kiwanda cha sukari na kituo cha taifa cha utafiti wa miwa, na sukari nguru bado inachemshwa katika ukanda wa miwa wa Nyanza. Julai 2017 serikali ilitambua rasmi Wakenya wenye asili ya Bara Hindi kuwa kabila la 44 la nchi. Kandokando ya barabara ya Nyamasaria, kazi ya kuchomelea mageti, kunyoosha bodi za magari na kurekebisha mashine sasa iko mikononi mwa mafundi wa jua kali, wengi wao Wajaluo.