Mheshimiwa Aliyeulizwa "Umejifanyia Nini?": Maisha ya Bildad Kaggia wa Kandara

Hebu piga picha. Ni Aprili 1965, mkutano wa hadhara Kandara, Murang'a. Watu wamejaa, na anayeongea ni Rais mwenyewe, Mzee Jomo Kenyatta. Mbunge wa pale ni Bildad Kaggia, na wananchi wamekuja wakidhani mheshimiwa wao atasifiwa kidogo, si walikaa jela pamoja? Wapi! Mzee anaanza kumuanika mbele ya watu wake. Anamkumbusha kwamba walifungwa pamoja na Paul Ngei, na leo ukienda kwa Ngei utakuta kahawa imejaa shamba. Ukienda kwa Fred Kubai utakuta nyumba kubwa. Kung'u Karumba naye ana mabasi yake barabarani. Wewe Kaggia, umejifanyia nini?

Leo clip kama hiyo ingekuwa imezunguka WhatsApp yote kabla ya jioni. Wakati ule hakukuwa na simu, lakini swali lenyewe halikufa, na hadi leo wazee wa Murang'a wanaweza kukusimulia. Kizuri ni kwamba Kaggia alikuwa na jibu. Jibu lake ni maisha yake yote, na hayakuanzia kwenye siasa, yalianzia jeshini.

Kaggia alizaliwa 1921. Alisoma shule ya wamisionari ya Kahuhia, akapita mtihani wa kuingia Alliance, shule ambayo hata siku hizi mzazi akisikia mtoto ameitwa anachinja mbuzi. Karo ikakosekana. Kijana akaenda kufanya ukarani ofisi ya DC, Murang'a, ambayo Wazungu waliiita Fort Hall. Vita Kuu ya Pili ilipoanza akajiunga na jeshi la Mwingereza.

Wanajeshi wengi wa Kenya tunaowasikia walipelekwa Burma. Kaggia yeye alitumwa Mashariki ya Kati, na baadaye akafika Uingereza. Huko ndiko akili yake ilipopinduka. Alikuwa mtu wa kanisa sana, amelelewa kuamini kwamba Mzungu wa misheni na Biblia ni kitu kimoja. Basi akafika Palestina, akaiona Yerusalemu kwa macho yake, na kumbe wenyeji wa nchi ya Biblia wana mila zao na desturi zao, na hakuna anayewaambia eti waziache ndiyo waingie mbinguni. Uingereza nako akakuta Wazungu wanaofagia barabara, Wazungu maskini, Wazungu wasioenda kanisani kabisa. Ukishaona hivyo, nani atakutisha tena na kofia ya DC?

Aliporudi Kenya 1946 alianza na dini kabla ya siasa. Akahubiri Ukristo usio na mmisionari, ukaitwa Dini ya Kaggia. Kanisa halikufurahi, serikali ndiyo kabisa. Lakini kuna jambo lingine lililowachoma askari wote waliorudi: Wazungu waliopigana vita ileile walikuwa wanapewa mashamba kwenye nyanda za juu, na Mwafrika aliyevaa sare kama zao anarudishiwa kipande cha kutembea nacho. Ardhi ndiyo ikawa wimbo wa Kaggia, na hakuubadilisha hadi mwisho.

Akaingia vyama vya wafanyakazi Nairobi, wakawa pamoja na akina Fred Kubai na Makhan Singh. Hawa hawakuwa watu wa kuandika barua za heshima kwa gavana na kungoja majibu. Mei 1950 Kubai na Makhan Singh waliposhikwa, Nairobi iligoma. Mwaka uliofuata kikundi chao kikateka tawi la Nairobi la KAU, na wazee wa suti wakajikuta wamesukumwa kando. Chini kwa chini kiapo kilikuwa kinaenea, na Kaggia alikuwa ndani ya kamati iliyouongoza mpango huo. Mwenyewe hakuwahi kuficha hilo baadaye. Wengine waliokuwa mbali kabisa walidai walikuwepo, yeye aliyekuwepo akasema tu ndiyo.

Usiku wa 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari, na askari wakaanza kugonga milango. Katika waliokamatwa, sita walipelekwa mbali Kapenguria wakashtakiwe huko: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Achieng' Oneko. Kesi yenyewe ilikuwa sinema. Hakimu Ransley Thacker alilipwa pauni 20,000 na serikali, pesa za nje ya mshahara. Shahidi mkubwa dhidi ya Kenyatta, Rawson Macharia, alikuja kukiri 1958 kwamba alidanganya. Haikusaidia kitu. Aprili 1953 wakapewa miaka 7 ya kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, lakini serikali ikamweka kizuizini hivyohivyo.

Wakapelekwa Lokitaung, Turkana, jua la kuchoma na mawe. Kenyatta kwa sababu ya umri akapewa kazi ya kupika, vijana wakavunja mawe. Watu hufikiri hawa sita walikuwa ndugu wa damu huko ndani. Si kweli. Waligombana, na kuna waliofika mahali pa kutosalimiana na Mzee. Ukijua hilo, maneno ya Kandara 1965 yanasikika tofauti kidogo.

Kaggia alitoka 1961. Uchaguzi wa 1963 Kandara ikampa kura, akawa mbunge wa KANU na kuteuliwa msaidizi wa waziri katika wizara ya elimu. Bendera, gari, heshima zote. Hapo ndipo wengi wangetulia.

Lakini kule nyumbani watu wake walikuwa wanatoka msituni na kambini wanakuta ardhi imeshagawanywa. Mpango wa serikali ulikuwa kwamba mashamba ya Wazungu yanunuliwe kwa mkopo wa Uingereza, kisha Mwafrika naye akopeshwe ayanunue. Kaggia akauliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza: mtu ananunuaje kitu alichoibiwa? Alitaka wasio na ardhi na waliopigania uhuru wapewe bure, na awepo mpaka wa ukubwa wa shamba ambalo mtu mmoja anaweza kumiliki. Kwa wakubwa waliokuwa wanajipimia maelfu ya ekari, hayo yalikuwa matusi. Akaandikiwa barua ya kuonywa. Hakunyamaza. Mwaka 1964 akawa nje ya serikali.

Februari 1965 rafiki yake wa siasa, Pio Gama Pinto, akapigwa risasi nyumbani kwake Nairobi. Miezi miwili haikuisha, Mzee akaja Kandara na lile swali lake. Kwa hiyo haukuwa utani wa jukwaani. Kila aliyekuwa pale alijua Kaggia anaambiwa nini: kula kama wenzako, au shauri yako.

Akachagua shauri yake. Mwaka 1966 alimfuata Jaramogi Oginga Odinga kwenye chama kipya cha KPU, akawa naibu wake. Bunge likabadilisha katiba haraka haraka ili kila aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. KPU ilipata viti vingi vyake Nyanza. Kandara ikamwangusha Kaggia. Vyombo vyote vya serikali vilikuwa upande mwingine, sawa, lakini inauma hata kuisoma: watu aliowapigania ardhi ndio waliohesabiwa kuwa wamemkataa. Mwaka 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali ya Waafrika, kosa likiwa ni kuhutubia mkutano usio na kibali. Mwaka 1969 alirudi KANU, na wapo waliomwita msaliti. Jamaa alikuwa amechoka, na familia inakula. Ubunge hakuupata tena.

Mwaka 1975 alitoa kitabu cha maisha yake, Roots of Freedom. Kinaanzia 1921 na kuishia 1963. Yaani kinakomea palepale uhuru unapopatikana. Ya baada ya hapo hakuyatia humo. Mwaka huohuo J.M. Kariuki, mbunge mwingine aliyepiga kelele za ardhi, aliuawa, kwa hiyo si ajabu.

Na wale wenye mali waliotajwa Kandara? Karumba wa mabasi alisafiri kwenda Uganda 1974 na hakuonekana tena. Ngei alikufa akiwa ameandamwa na madeni.

Kaggia alizeeka Makuyu akiendesha posho mill. Mama anakuja na gunia la mahindi, anasagiwa unga, analipa anaenda. Anayesaga ni mtu aliyefungwa na Mwingereza miaka 7 pamoja na rais wa kwanza wa nchi. Alifariki Machi 2005.

Wakati huo 20 Oktoba, siku waliyokamatwa wote, bado iliitwa Kenyatta Day. Ilipofika 2010 katiba mpya ikaibadilisha kuwa Siku ya Mashujaa.