Mgeni na Jembe: Wanafunzi wa Afrika Mashariki katika Mbio za Japani

Hadithi za mapenzi na maajabu waandikiwazo vijana aghalabu humpeleka mwanafunzi mgeni nchi ya mbali, kama Japani, na huko mapenzi yakamwokoa. Historia haina huruma hiyo. Vijana wakimbiao alfajiri mjini Arusha, chini ya Mlima Meru, wanastahili kuyajua yaliyowapata wenzao wa Afrika Mashariki walioifuata elimu Japani kwa nguvu ya miguu yao.

Wajapani huzipenda mno mbio za kupokezana ziitwazo ekiden, ambamo kila mkimbiaji humkabidhi mwenziwe mshipi uvaliwao begani. Mashuhuri ni zile za vyuo vikuu, zilizoanzishwa mwaka 1920, kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi. Mwaka 1989 Joseph Otwori, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, alikimbia humo, na baada yake wakafuata wanafunzi wengi wa Kenya. Mwaka 2002 Samuel Wanjiru, kijana wa miaka 15 kutoka Nyahururu, aliingia shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. Alijifunza Kijapani, akajifunza na subira. Shule yake ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 2003 na 2004. Mwaka 2008 alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi huyu alipewa jembe siku ya kwanza. Na alipolima kuwapita wenyeji, shamba lilipunguzwa. Mwaka 2008 wageni walizuiwa kukimbia sehemu ya kwanza ya mashindano ya taifa ya sekondari. Mwaka 2024 wakaachiwa sehemu fupi tu, za kilometa 3. Wenyeji nao walikuwa na hoja, kwa maana mgeni mmoja aliweza kuyamaliza mashindano mapema, na watoto wao wakakosa nafasi. Lakini kijana aliyeitwa kwa ajili ya miguu yake atabaki na nini miguu ikichoka, kama hakupewa elimu?

Iko njia nyingine ya kuijia Japani. Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na 1986, naye hakuwa mwanafunzi wa mtu huko. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mji huohuo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida afanyaye mazoezi yake Arusha, aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Haifai, hata hivyo, kumkataza kijana wa Meru kwenda kusoma ugenini. Linalofaa ni kwamba yeye na wazazi wake waulize, kabla ya safari, atasomeshwa nini na kwa muda gani. Jembe na alipokee. Lakini na kitabu adai.