Bao la Babu na Bao la Simu

Nyakahura ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera, upande wa kwenda Ngara. Barabara kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo hupita humo, na malori yachukuayo shehena za Rwanda na Burundi kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita usiku na mchana. Hapo ndipo babu yangu aliponifundisha kucheza bao, katika mashimo yaliyochimbwa ardhini chini ya mwembe. Na hapo ndipo, baada ya miaka mingi, nilipolicheza tena katika kioo cha simu nikaona kuwa silijui. Sina nia ya kuilaumu simu. Nataka kueleza ni bao lipi lililoingia ndani yake na lipi lililobaki nje, na kwa sababu gani.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Kijana mmoja wa bodaboda alinionyesha programu ya bao katika simu yake, akanipa nicheze. Ubao ulichorwa vizuri, mashimo 32 katika safu nne, kama ipasavyo. Lakini kete nyingi hazikuwamo mashimoni. Zilikuwa akibani, zikingoja. Nilipopata nafasi ya kula nilitaka kuchukua kete za shimo la mbele la mwenzangu pamoja na zile za shimo la nyuma yake, kama nilivyofundishwa. Nikachukua za mbele tu, kwa kuwa simu haikunipa nyingine. Baadaye nikataka kurudi nyuma kutoka shimo la ukingoni, kete hazikusogea. Simu haikuniambia nimekosa nini. Ilinyamaza tu, hata nikacheza itakavyo yenyewe. Yule kijana akacheka, akasema, "Mzee, hujui bao."

Ni lazima nieleze tofauti, maana msomaji wa pwani aweza kudhani kuwa babu yangu alicheza ovyo. Bao la Kiswahili, lichezwalo Unguja na Lamu na mahali pengi pa pwani, lina kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Mwanzoni kila mmoja huweka kete kumi tu ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizosalia hubaki mkononi, na kila zamu huingizwa moja. Sehemu hii huitwa namua. Kete za mkononi zikiisha huanza sehemu ya pili, mtaji, ambamo kete huchotwa ubaoni na kupandwa shimo kwa shimo. Mlaji hula kete za safu ya mbele ya mwenzake peke yake, naye huzipanda upya kuanzia mwisho wa safu yake mwenyewe. Ashindwaye ni yule ambaye safu yake ya mbele imekwisha, au asiye na kete awezayo kuicheza.

Bao la nchi za maziwa ni ndugu wa hilo, lakini si pacha wake. Waganda huliita omweso, na Wanyarwanda igisoro. Mashimo ni 32 na kete ni 64 vilevile, ila hakuna namua: kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Katika igisoro kila shimo la safu ya mbele hupewa kete nne. Mlaji huchukua mashimo mawili kwa pamoja, la mbele na la nyuma yake, naye huzipanda kete hizo kuanzia pale alipoanzia mwendo wake. Tena kuna mashimo maalumu ambayo mchezaji aweza kuyatumia kugeuza mwendo na kula kwa nyuma. Mtu aliyezoea mchezo huu, akiketi kwenye bao la Unguja, ni kama Mhangaza aliyeingia Mombasa: maneno mengi ayasikia, lakini hajibu upesi.

Michezo ya jamaa hii ni ya kale sana katika Afrika Mashariki. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna safu za mashimo zilizochongwa katika mwamba wenyewe. Nani aliyetangulia kucheza, na wapi, sitalizungumza hapa. Linalonihusu ni mpaka. Busubi na nchi za jirani zake zimekaa pale ambapo desturi za Burundi, Rwanda na Karagwe hukutana na njia itokayo pwani. Mwishoni mwa mwaka 1861 Speke na Grant walipita katika nchi waliyoiita Usui, iliyokuwa chini ya Suwarora, wakatozwa hongo nzito kabla ya kuruhusiwa kwenda kwa Rumanika wa Karagwe. Hawakuwa wageni wa kwanza. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na makao Kazeh, yaani Tabora ya leo, walikwisha kuijua njia hiyo, nao walikuwa na kituo chao Kafuro, huko Karagwe. Wapagazi waliongojeshwa siku nyingi kwa sababu ya hongo walikuwa na saa nyingi zisizo na kazi. Nami nadhani, ingawa hii ni dhana yangu tu, kwamba mashimo mengi yalichimbwa katika vituo hivyo, na kwamba mtu wa pwani na mtu wa Busubi walibishana juu ya namua miaka mingi kabla ya kuzaliwa babu yangu.

Kwa nini basi lililoingia katika simu ni lile la pwani? Wengine watasema ni kwa sababu ni gumu zaidi na bora zaidi. Kwamba ni gumu sikatai. Lakini sababu yenyewe, naona, imo katika vitabu. Mtunga programu hawezi kuanza kazi bila kanuni zilizoandikwa, na kanuni za bao la Unguja ziliandikwa mapema na tena na tena. Ingrams, aliyekuwa ofisa wa Kiingereza huko Unguja, aliandika juu yake mwaka 1931. Philip Townshend alilichunguza bao la Waswahili kwa makini katika makala aliyoitoa mwaka 1982, na Alex de Voogt wa Uholanzi alikaa na mabingwa wa Unguja, akatoa kitabu mwaka 1995 juu ya akili zao na ustadi wao. Omweso nao ulipata mwandishi wake, M. B. Nsimbi, ambaye maelezo yake yalichapwa mwaka 1968. Mchezo wa mwembeni kwetu haukupata mtu. Haukuwa igisoro kamili wala bao kamili. Ulikuwa na desturi zake, na desturi hizo zilikaa katika vichwa vya wazee wanne au watano waliokuwa wakizibishania kila jioni.

Tena kompyuta haivumilii ubishi. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal, wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam, walitumia kompyuta kuumaliza mchezo wa awari, ambao ni jamaa wa bao wenye safu mbili tu. Walihesabu hali zake zote, zaidi ya bilioni 889, wakaonyesha kuwa wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao halijamalizwa hivyo. Wataalamu wa Maastricht waliojaribu kuliandikia programu walikuta mambo ambayo mchezaji hayafikirii kila siku, kama mwendo usiokoma, ambapo kete huzunguka ubaoni bila kupata pa kulala. Chini ya mwembe wazee wakifika hapo watacheka na kuamua. Mtunga programu ni lazima aamue kabla mchezo haujaanza, peke yake, kwa ajili ya watu wote watakaocheza. Akisha kuamua, neno lake huwa sheria, na wala si sheria ya kuvunjwa na kutozwa faini: ni sheria isiyovunjika, kwa kuwa kidole kigusapo shimo lisiloruhusiwa hakipati kitu.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka jambo lifananalo na hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kusimamia kamusi, sarufi na vitabu vya shule. Watu wa Kimvita walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, maana mashairi yao yalikuwa yamekomaa kabla ya kamati yoyote. Hata hivyo faida haikanushiki: ni kwa Kiswahili hicho kwamba mimi wa Nyakahura naandika na msomaji wa Lamu aelewa. Lakini kamati ile ilikuwa na wajumbe wenye majina, ilichapa taarifa zake, na aliyetaka kuipinga alijua pa kupeleka barua. Tena Kimvita hakikukatazwa mdomoni. Mtu wa Mombasa aliendelea kusema asemavyo nyumbani, na hakuna kitabu kilichomziba kinywa. Katika simu hakuna nyumbani. Usanifishaji wa bao umefanywa na mtu nisiyemjua, pengine kwa nia njema, naye hakuacha shimo moja kwa ajili ya lahaja.

Wageni wamelifikiria jambo hili katika michezo yao wenyewe. Kuna mchezo wa kompyuta wa safari na mafumbo, The Secret of Monkey Island, uliotoka Marekani mwaka 1990. Kijana atakaye kuwa haramia hutembea kisiwani akitafuta vitu na kutegua vitendawili. Ulipotengenezwa upya mwaka 2009, ukaletwa hata katika simu, picha zilichorwa upya na wahusika wakapewa sauti. Lakini mchezaji aliachiwa njia ya kurudi: wakati wowote aliweza kubadili picha mpya na kuona zile za 1990, pahali palepale alipofika. Mtu aliyeucheza utotoni aliweza kuliona jipya na la zamani kwa zamu, akaamua mwenyewe ni lipi lililopotea. Hilo liliwezekana kwa sababu la zamani lilikuwa limehifadhiwa. Sisi, kama tungepewa kitufe kama hicho leo, kingetupeleka wapi? La babu yangu halikuhifadhiwa mahali.

Sitaki kuificha faida ya simu, maana nimeionja. Ni yenyewe iliyonifundisha namua kwa uvumilivu ambao babu hakuwa nao, naye alikuwa mkali kwa mtoto asahauye. Nimepata kuipenda ile hofu ya kuilinda nyumba, na ile furaha ya kuichezesha kwa wakati wake. Vijana wa kituo cha bodaboda, ambao hawangeketi na wazee, wanajua bao siku hizi. Ila wanalijua moja tu. Tena programu ile huandika idadi ya kete juu ya kila shimo, hata jicho halina kazi; mchezaji wa ubao hukadiria lundo kwa kulitazama, na katika kukadiria ndimo ulimo nusu ya werevu wake.

Kuna jambo jingine lililonijia nikiwa hapo barabarani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco huko Ngara ikajaa kabla ya turubai kufika. Wengi hawakuwa na mzigo. Mchezo wa mashimo ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu aliyekimbia mikono mitupu aweza kuwa navyo kamili: ardhi ipo, vijiwe vipo, na kanuni zimo kichwani. Simu yataka umeme, na programu yataka mwenye nayo asiifute.

Jioni ile niliichukua simu ya yule kijana mpaka kwa mzee mmoja aliyecheza na babu zamani. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama kwa muda mrefu bila kuigusa. Kisha akauliza, "Huyu unayecheza naye yuko wapi, mjukuu wangu?"

Nikamweleza kuwa ni simu yenyewe.

"Na nikiiba kete, atakayenishika ni nani?"

Nikasema haiwezekani kuiba.

"Basi mnatazama nini?" akasema, akanirudishia.

Nilikuwa na daftari. Nikamwomba anitajie, moja baada ya jingine, mashimo ambayo babu aliyaruhusu kurudi nyuma. Akayataja. Jirani yake, aliyekuwa akimenya muhogo, akasema sivyo. La pili kutoka ukingoni halikuruhusiwa kamwe, ila kwa mtu aliyekwisha kuliwa safu nzima ya nyuma. Wakabishana kwa Kihangaza na kwa Kiswahili, wakataja watu waliokufa na michezo waliyoshindwa. Nikaandika maneno ya wa kwanza upande mmoja wa ukurasa na ya wa pili upande wa pili. Nilipoinua macho niwaulize juu ya kula, yule wa muhogo alikuwa amekwisha kuokota kijiti na kuanza kuchimba mashimo.