Uzi: Stima ya kijijini ililetwa na nani?

Kila kampeni swali hili hurudi. Mmoja anasema, "Sisi ndio tuliwasha stima huko." Mwingine anamjibu, "Hiyo ni pesa ya wafadhili." Sitaji chama wala mtu. Nataka turudi nyuma kidogo, maana wote wawili wanaruka kitu.

Mpango wa serikali wa kusambaza stima mashambani ulianza 1973. Miaka hiyo hiyo UNDP ilikuwa inasaidia kuchimba visima vya mvuke Olkaria, karibu na Naivasha. Mtambo wa kwanza, megawati 15, ulianza kazi 1981. Agosti mwaka huo Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano wake kuhusu nishati mpya na jadidifu hapa hapa Nairobi. Kwa hivyo akija mtu kukuambia hii habari ya nishati safi ilianza na yeye, mcheke tu.

Sasa angalieni pesa inapenda kwenda wapi. Mkopeshaji hupenda mtambo mkubwa, kwa sababu mtambo unauza umeme na deni linalipika. Nyumba ya taa mbili hailipi deni la mtu.

Marsabit ndiko hili linaonekana wazi. Karibu na Ziwa Turkana kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310, iliyojengwa kwa mikopo ya AfDB na taasisi za Ulaya. Ilikuwa tayari 2017 lakini ikakaa bure hadi 2018, ikingoja laini ya zaidi ya kilomita 400 kufika Suswa. Laini ilipokamilika, ilipita juu ya manyatta bila kushuka. Si njama. Umeme wa nguvu hiyo hauingii nyumbani bila kituo cha kuupunguza, na kituo ni gharama nyingine kabisa.

Kuna waliojaribu kuziba pengo, tusiwanyime haki yao. 2015 ukaja mpango wa Last Mile, AfDB na Benki ya Dunia wakatoa mikopo, na ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Kwa kaunti 14 ambazo gridi haijafika vizuri, Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa sola 2017.

Lakini Last Mile ilihesabu walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Boma la nyanya yangu liko kama mita 800. Jirani wa chini ana taa na TV, nyanya ana koroboi. Mwanasiasa akija anasema kijiji kimeunganishwa, na kwa karatasi hadanganyi, transfoma iko.

Nimesema mikopo, sijasema msaada. Inalipwa na kodi zetu. Na nyanya akinunua mafuta ya taa ya hiyo koroboi, kodi imo ndani ya bei. Yaani analipia stima ya jirani.

Kwenu ni mita ngapi hadi transfoma?