Tabora, mji uliojua kupumzisha wasafiri

Msafara haukuingia Tabora kimya kimya. Wapagazi walisimama kwanza nje ya mji, wakajipangusa vumbi, wakavaa nguo walizozitunza safari nzima, ndipo kirangozi, kiongozi wa msafara, akainua bendera na ngoma ikalia. Bunduki zikapigwa hewani, baragumu likapulizwa, watu wakatoka majumbani kuwalaki, wanawake wakipiga vigelegele. Ndivyo wasafiri wa karne ya 19 walivyosimulia kuingia kwao Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi iliyokuwa kitovu cha njia kuu kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Njia hiyo huandikwa kwa habari za pembe za ndovu, utumwa, vita na wapelelezi wa Kizungu. Yote hayo yalikuwapo na hayafai kufichwa. Lakini Tabora ilikuwa pia mahali pa kutua mzigo, kula kushiba, kusikia habari za ndugu na kucheza ngoma. Starehe hiyo ni sehemu ya historia ya mji kama yalivyo maboma na makaburi, na miaka mingi baadaye ndiyo iliyozaa muziki wa dansi uliolifikisha jina la Tabora redioni na majumbani kote nchini. Ukiwa na alasiri moja, unaweza kuifuata historia hiyo kwa macho yako, kuanzia Kwihara hadi mitaa ya stesheni.

Kwihara, kwenye uwanja wa tembe

Kwihara iko kilomita chache kusini magharibi mwa mji, na bodaboda hukufikisha kwa muda mfupi. Miembe imetanda kote. Wenyeji huihusisha miembe mikongwe ya mkoa huu na misafara, kwamba wasafiri walikula maembe na kuacha kokwa njiani. Chini ya kivuli hicho lipo tembe linalojulikana kwa jina la mpelelezi David Livingstone, ambalo limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Kuta zake ni nene, paa lake ni bapa, na vyumba vimeuzunguka ua. Kinachovuta macho ni mlango wake wa mbao. Umetiwa nakshi za pwani, na mtu aliyekulia Unguja au Bagamoyo akiupapasa kwa vidole hahitaji kuambiwa ulitoka katika ustadi wa wapi. Mlango huo peke yake unaonyesha kwamba njia ya misafara ilipitisha mengi zaidi ya bidhaa. Ilipitisha pia mafundi, dini, lugha na namna ya kuishi.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Baada ya kumkuta Ujiji, wawili hao walirudi pamoja hadi Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka kuelekea pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki kuwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia. Watu 57 waliwasili katikati ya Agosti, na tarehe 25 mwezi huo akaanza safari yake ya mwisho. Alifariki tarehe 1 Mei 1873, kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo. Wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo wakipitia hapa hapa Unyanyembe.

Katika miezi ile ya kusubiri, Livingstone alitazama watoto wakicheza, na shajara yake imetuachia picha ambayo haipatikani katika hadithi za wapelelezi. Wavulana walikuwa na pinde na mishale midogo. Walitengeneza bunduki za matete zenye kifyatulio, na badala ya moshi zilitoa wingu la majivu. Wengine walifinyanga bunduki za udongo zenye mitutu miwili, wakatumia pamba kuwa moshi. Walilenga nzige, na shabaha yao haikuwa mbaya. Ukisimama uwanjani hapa, mchezo huo unaeleweka haraka. Watoto wale walikuwa wamekulia katikati ya misafara yenye silaha na vita visivyokwisha, wakaigeuza dunia ya wakubwa kuwa mchezo wao wa alasiri.

Vita hivyo havikuwa mbali. Agosti 1871 Mtemi Mirambo, ambaye makao yake yalikuwa upande wa Urambo, aliwashinda wafanyabiashara wa Kiarabu na washirika wao, kisha akaishambulia Tabora na kuchoma sehemu yake. Stanley alikuwa Kwihara siku hiyo akijiandaa kujilinda, huku moshi wa Tabora ukionekana. Mirambo aliijua siri ya nchi hii: anayeshika mahali pa kupumzikia ndiye anayeishika njia.

Kutua mzigo

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi begani au kichwani, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wenye kubeba pembe kubwa za ndovu walibeba zaidi. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima Unyamwezini. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyeona dunia. Wanahistoria leo wanakubaliana kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, walioajiriwa kwa ujira na waliojua kuutetea. Wakionewa, walitua mizigo na kuondoka.

Uhuru huo wa kutua mzigo ndio ulioipa Tabora umuhimu wake. Wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Walipokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu ambaye Burton alimsifu kwa ukarimu na elimu. Burton aliandika kwamba msafara ulivunjika hapo, kwa kuwa wapagazi walioajiriwa pwani walikuwa wamefika kwao. Mwenye mali alilazimika kutafuta wengine wa kumpeleka Ujiji au Karagwe, na kazi hiyo ilichukua wiki sita hadi miezi miwili.

Fikiria maana yake kwa mji. Misafara mizima ilikaa kwa wiki kadhaa bila kazi kubwa zaidi ya kusubiri. Watu hao walihitaji mtama, mahindi, nyama na pombe. Walihitaji mafundi wa kushona, wa kutengeneza bunduki, wa kutibu miguu iliyochubuka. Waarabu walizungusha matembe yao bustani za vitunguu, ngano na miti ya matunda. Na usiku mwezi ulipong'aa, wapagazi walicheza. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, alishangaa kuona watu waliotembea kutwa wakiwa na mizigo bado wana nguvu ya kuimba na kucheza hadi usiku mwingi.

Si wote waliofika hapa walipumzika. Katika misafara hiyo hiyo walikuwamo watumwa, wanaume, wanawake na watoto, na Tabora ilikuwa soko lao pia. Wengine walibaki wakitumika katika mashamba na nyumba za mjini, wengine walisukumwa mbele hadi pwani. Anayekaa chini ya miembe ya Kwihara akafurahia upepo wake anapaswa kuwakumbuka hao, kwa sababu kivuli hicho hicho kilikuwa cha watu wawili: mmoja alitua mzigo kwa hiari yake, mwingine hakuwa na hiari.

Uhuru wa nchi yenyewe nao haukudumu. Januari 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Alipoona imeanguka, Isike aliilipua ghala yake ya baruti kuliko kukamatwa mzima. Tangu hapo njia na mji vikawa chini ya wakoloni.

Reli inachukua nafasi ya miguu

Kutoka Kwihara, rudi mjini hadi stesheni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache, na kazi ya upagazi wa njia ndefu ikafa. Lakini Tabora haikuacha kuwa mahali pa kutua. Jirani na stesheni ipo hoteli iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1914, ambayo bado inapokea wageni. Hapa ndipo njia za reli zinapogawana, moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza, na kwa miaka mingi abiria wamelala Tabora wakisubiri kuunganisha safari.

Pamoja na reli ilikuja starehe mpya. Beni, ngoma iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilienea bara pamoja na askari, makarani na wafanyakazi. Wachezaji walivaa sare, wakapeana vyeo, wakagawanyika katika vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana mji hadi mji. Ushindani huo haukufa beni ilipofifia. Ulihamia kwenye kumbi za dansi.

Gitaa la Tabora

Kuanzia miaka ya 1940 mji huu ulikuwa na Kiko Kids Jazz, bendi ya Salim Zahoro, mojawapo ya bendi kongwe za dansi Tanganyika. Baadaye zikaja Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, hii ya pili ikibeba jina la utemi wa kale. Mji mmoja wa bara, bendi tatu zinazosikika nchi nzima: ni miji michache iliyofikia hapo. Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, nayo pia ni mji wa njia ya misafara na wa Reli ya Kati. Bendi hustawi palipo na wapita njia wenye mshahara mfukoni, usiku wa kungojea, na wenyeji waliozoea kupokea wageni.

Mtazame Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma. Alianzia muziki kwao, akaja Tabora na kujiunga na Tabora Jazz, na katika miaka ya 1970 wimbo wa "Dada Asha" ukawa miongoni mwa nyimbo zilizopendwa mno nchini. Kijana huyo alitoka Kigoma, jirani na Ujiji, akaja Tabora, na hatimaye akaishia Dar es Salaam, ambako alifariki Desemba 2014. Hiyo ndiyo njia ya zamani kutoka ziwani hadi baharini, ila yeye alibeba gitaa mahali ambapo mababu walibeba pembe.

Cha kufanya sasa

Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia hii katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni hatua njema. Lakini kama Kwihara itabaki kuwa nyumba ya Livingstone tu, tutakuwa tumeutunza ukuta na kuwasahau waliokaa ndani ya ua. Tembe lile linastahili chumba cha wapagazi: mizigo yao, nyimbo zao, njia zao, pamoja na habari za watumwa waliopitishwa hapa. Linastahili pia chumba cha muziki wa Tabora, chenye picha za bendi, ala zao na sauti zilizorekodiwa, kwa kuwa wanamuziki wale ni warithi halali wa waliocheza hapa kwenye mbalamwezi.

Kazi hiyo haihitaji kusubiri fedha za nje. Picha zipo katika masanduku ya familia, na wazee waliocheza dansi katika miaka ya 1960 na 1970 bado wapo miongoni mwetu na wanakumbuka. Walimu wa historia Tabora wanaweza kuwatuma wanafunzi wakawasikilize na kurekodi wanayosema. Wafanye hivyo mwaka huu, wakati wenye kumbukumbu bado wanaweza kuzisimulia wenyewe.