Fremu na Chumba: Kwa Nini Hesabu ya Nyumba Milioni 3 Haiielezi Dar es Salaam

Mjadala wa makazi nchini Tanzania huanza na tarakimu ile ile: taifa lina upungufu wa nyumba milioni 3, na pengo hilo hukua kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Imerudiwa bungeni, katika hotuba za mawaziri wa ardhi na katika taarifa za mabenki, kiasi kwamba wengi wetu hatuulizi tena ilikokotolewaje. Sera nayo imeifuata. Mwaka 2008 zilitungwa sheria ya mikopo ya nyumba na sheria ya umiliki wa sehemu za jengo. Baadaye kidogo ikaundwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu za mikopo hiyo. Na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, limekuwa likihimizwa lijenge, lijenge, na lijenge tena. Dhana iliyo nyuma ya yote haya ni kwamba chumba ni ghali kwa sababu nyumba ni chache, na kwamba zikijengwa nyingi bei itashuka.

Makala hii inaipinga dhana hiyo kwa upande wa Dar es Salaam, jiji ambalo Sensa ya 2022 ililikuta na watu 5,383,728. Vyumba vya kupanga vilivyo karibu na ajira vinaliwa na matumizi mengine kwa kasi ambayo hesabu ya nyumba haiwezi kuiona, kwa kuwa jengo lililogeuka kuwa maduka bado linasimama na bado linahesabika. Anayempandishia mpangaji wa chumba bei si mpangaji mwenzake tu. Ni mpangaji wa fremu, yaani chumba cha duka.

Kuhusu historia ya jiji hakuna haja ya kusema mengi. Kazi za Lusugga Kironde, Wilbard Kombe na Alphonce Kyessi zimekwisha kuonyesha kuwa sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa na wananchi wenyewe nje ya mipango rasmi, na kwamba mpangaji wa chumba kimoja ndiye mkazi wake wa kawaida. Hilo halibishaniwi. Ninapotofautiana ni na watetezi wa msongamano wenye tija: wale waliotufundisha tangu mipango ya uendelezaji upya ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba Kariakoo, kitovu cha biashara cha jiji, ikiruhusiwa kwenda juu, watu wengi zaidi wataishi karibu na kazi na jiji halitalazimika kutambaa hadi Chanika na Chamazi. Ghorofa zimejengwa. Jiji limetambaa vilevile. Anayetetea nadharia hiyo leo ana wajibu wa kutueleza waliokuwa wakiishi mitaa ya Sikukuu, Narung'ombe na Mchikichi wamekwenda wapi, na wajibu huo haujatimizwa.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni jengo moja tunalolijua sote: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile ambayo J. A. K. Leslie aliikuta imetapakaa katika utafiti wake wa Dar es Salaam uliochapishwa 1963. Vyumba vitatu kila upande, korido katikati, baraza mbele, na uani choo, bafu na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba na familia yake huchukua vyumba viwili, vinne vinapangishwa. Mpangaji huingia na godoro, ndoo na jiko la mkaa. Akikwama mwezi mmoja anaomba asubiriwe, na mara nyingi anasubiriwa, kwa sababu wanaonana kila asubuhi kwenye foleni ya choo. Nyumba hii, pamoja na shida zake zote, ndiyo iliyowapa hifadhi makuli, mama lishe, wafanyakazi wa reli na wageni wa mjini kwa vizazi kadhaa bila ruzuku ya mtu yeyote.

Mageuzi yake hayaanzi na greda. Yanaanza na dirisha. Chumba cha mbele kinachotazama barabara huvunjwa dirisha, ukuta hushushwa hadi chini, hubandikwa mlango wa chuma wa kukunja, na baraza hukatwa ili mteja asipande ngazi. Hiyo tayari ni fremu. Chumba cha pili cha mbele hufuata. Kwa mfano wa kukokotoa tu, tuseme fremu inalipa mara tano ya chumba cha ukubwa uleule, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo ataliona ni makadirio ya chini. Vyumba viwili vya mbele vinaleta pato la vyumba kumi, na wapangaji wawili waliobaki ndani kwa pamoja wanaleta moja ya tano tu ya hilo. Kuanzia hapo mpangaji wa chumba si mteja tena wa nyumba hiyo, ni usumbufu.

Kisha inakuja hatua ambayo tafiti zetu zimeipuuza. Mwenye fremu anahitaji stoo. Anakiomba chumba cha tatu, halafu cha nne, kwa bei inayozidi ya familia. Stoo haipiki, haiogi, haina watoto wanaolia usiku, haijazi shimo la choo wala haigombanii umeme wa LUKU. Mwenye nyumba anayepewa mzigo wa vitenge mahali pa kaya ya watu watano hana sababu yoyote ya kiuchumi ya kukataa. Nyumba ile ile, paa lile lile, na wakazi wamekwisha. Hakuna kibali cha ujenzi kilichoombwa, wala takwimu yoyote ya upungufu wa nyumba iliyosogea.

Ghorofa ndiyo hatua ya mwisho, na kinachoileta mara nyingi ni mirathi. Mzee akifariki, nyumba ya vyumba sita inabaki na warithi wanane au kumi, baadhi yao wakiishi Tanga, Zanzibar au Muscat. Chumba hakigawanyiki kwa mafungu. Kodi ya fremu inagawanyika. Anajitokeza mbia mwenye mtaji: familia inatoa kiwanja, yeye anajenga, anakusanya pango kwa miaka waliyokubaliana au anachukua ghorofa kadhaa, familia inabaki na zilizosalia. Ili fedha yake irudi mapema, mbia hutoza kilemba, yaani malipo ya mkupuo ya kupewa nafasi, kabla hata zege halijakauka, na anayetoa kilemba cha mamilioni ni mfanyabiashara. Muuza maji ya kandoro hana kilemba cha kutoa. Kwa hiyo jengo limekwisha kuchagua wakazi wake kabla ya kumalizika, hata kama mchoro uliopelekwa halmashauri unaonyesha makazi ghorofa ya tatu na kuendelea.

Hapa nitapingwa kuwa ghorofa za juu zina familia. Zipo, sikatai. Lakini familia inayopanga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala juu ya duka haichukui nafasi ya wale waliopanga chumba kimoja kimoja. Ni tabaka jingine. Na hata hao hawana usalama, kwa sababu biashara yenyewe imeanza kupanda ngazi. Zamani duka lilikuwa lazima lionekane barabarani. Leo binti anayeuza viatu kupitia simu hahitaji kuonekana na mpita njia. Anahitaji chumba chenye kufuli mahali ambapo mteja wa Kimara au wa Mwanza akituma pesa, mzigo unatoka kwa bodaboda muda huohuo. Waliotabiri kuwa intaneti itapunguza haja ya nafasi ya biashara mjini walikosea mwelekeo. Imezifungulia soko ghorofa ambazo zamani hazikufaa kwa kitu kingine isipokuwa kulala watu.

Utabiri mwingine ulikuwa kwamba maduka makubwa ya kisasa yataichosha Kariakoo. Mlimani City ilifunguliwa 2006 kwa matumaini hayo. Shoprite iliondoka nchini 2014, Uchumi ikafunga 2015, Nakumatt ikaanguka miaka michache baadaye, Game nayo ikafunga 2022. Soko kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na fremu zinazolizunguka ziliendelea kuuza. Sababu haihitaji nadharia nzito. Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka au Moroni haji Dar es Salaam kutafuta kikapu na kiyoyozi. Anakuja kununua kwa jumla, kwa mtu anayemjua, pengine kwa mali kauli. Kadiri nafasi inavyogawanywa vipande vidogo, ndivyo wauzaji wengi zaidi wanavyokaa karibu na mteja huyo, na ndivyo kila mita ya mraba inavyolipa zaidi. Nairobi nako maduka makubwa ya katikati ya jiji yamekatwakatwa kuwa vibanda kwa mantiki hiyohiyo. Bado ni mapema kusema kituo kikubwa cha biashara kilichojengwa Ubungo, palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, kitabadilisha nini; lakini jengo la wamachinga lililokamilika 2010 pale Karume, hatua chache tu kutoka Kariakoo, lilikaa miaka mingi likiwa na vizimba vitupu, na hilo linatosha kututahadharisha tusidhani biashara inahamishwa kwa kuijengea jengo.

Njaa hii ya nafasi ina gharama kubwa kuliko kodi. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na walioshuhudia walieleza kwamba chini yake kulikuwa kukichimbwa ili kupanua eneo la biashara. Sitaki kuufanya msiba ule kuwa kielelezo tu cha hoja yangu. Lakini itakuwa ni kukwepa wajibu kuujadili kama suala la nondo na saruji peke yake, bila kuuliza ni bei gani ya fremu inayoweza kumshawishi mtu kuchimba chini ya jengo lililojaa watu.

Serikali nayo haiko nje ya mchezo huu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, na pamoja nayo mabaraza ambayo mpangaji angeweza kukimbilia. Tangu hapo matamko ya mawaziri dhidi ya kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo hayana sheria ya kuyabeba. Kodi ya majengo inafundisha zaidi. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU: nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikafikishwa 1,500 mwaka 2023, na ghorofa hutozwa kwa kila sakafu. Urahisi wa kuikusanya naukubali. Ila mita haijui kama nyuma yake kuna kaya nne au stoo nne. Mwenye nyumba aliyebaki na wapangaji wa vyumba anatozwa sawa na jirani yake aliyevunja madirisha yote, na kwa kuwa umeme hununuliwa na wapangaji, hata hiyo 1,500 mara nyingi inatoka mfukoni mwao. Mfumo wa kodi unaotazama jengo bila kutazama matumizi yake unaisaidia fremu kushinda.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka kwa wenye nyumba wenyewe. Mjane wa Tandika au Manzese aliyegeuza chumba cha mbele kuwa fremu ndiyo kwanza amepata pensheni ambayo hakuna mwajiri aliyempa. Nani ana haki ya kumwambia arudishe dirisha? Mimi sina, na sitaki sheria ya kumkataza. Tofauti ni ya kiwango: fremu mbili mbele ya nyumba inayokaliwa zinaweza hata kuwalinda wapangaji wa ndani, kwa sababu pato lake linampunguzia mama haja ya kuwapandishia. Kinachoangamiza makazi ni pale jengo zima linapoweza kugeuka bila mwenyewe kugharamia chochote kwa jiji. Kodi ya matumizi, inayoanza kuuma kuanzia fremu ya tatu na inayouma zaidi kwenye stoo kuliko kwenye duka, ingemwacha mjane huyo alivyo na kumgusa mbia wa ghorofa sita.

Wapo wanaosema haiwezekani kuwarudisha wakazi wa kipato cha chini katikati ya jiji. Mradi wa nyumba wa Magomeni Kota unawajibu. Kaya 644 ziliondolewa pale zaidi ya muongo mmoja uliopita, na mwaka 2022 nyumba 644 zilizinduliwa kwa ajili yao. Wengine watasema iliwezekana kwa sababu ardhi ni ya serikali. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini sababu ya kwanza ni nyepesi zaidi: kulikuwa na orodha. Kila kaya ilijulikana kwa jina, kwa hiyo kila kaya ilikuwa na madai. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo inapobomolewa, jina linaloandikwa ni la mmiliki na mbia wake. Wapangaji wanapewa taarifa kwa mdomo, wanatafuta dalali, wanahamia Mbagala au Kivule, na hakuna karatasi yoyote ya umma inayoonyesha kwamba walikuwepo.

Kwa hiyo jambo la kwanza kubadilishwa ni fomu ya maombi ya kibali cha ujenzi. Iwe na safu ya idadi ya kaya zinazoishi kwenye kiwanja siku ya maombi, ithibitishwe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na halmashauri idai idadi isiyopungua hiyo ya vyumba vya kupanga vya bei ya chini katika jengo jipya, au malipo yatakayojenga vyumba hivyo ndani ya wilaya hiyohiyo na si pembezoni mwa jiji. Ukaguzi ufanyike kila mwaka baada ya jengo kukamilika, kwa kuwa makazi ya ghorofa ya nne hugeuka stoo mwaka wa pili au wa tatu, pindi mkaguzi anapoacha kuja. Hadi hapo, kila nyumba mpya itakayojengwa Kibada au Kawe itaongezwa kwenye hesabu ya taifa bila mtu yeyote kutoa humo vyumba sita vilivyogeuka stoo Mtaa wa Sikukuu.