Sauti Zilizofika Bugendana: Katekista, Gazeti, Redio na Simu

Watu wa rika langu tukisikia habari za kueneza Injili kwa vyombo vya kisasa, moja kwa moja tunafikiria simu. Nami nilikuwa hivyo mpaka nilipoanza kusoma historia ya kwetu Bugendana, mkoani Gitega. Hapo niliona kwamba kila kizazi kilikuwa na chombo chake kipya, na kila chombo kilileta furaha na hofu zake. Katika insha hii nitavifuata vyombo vinne kwa mpangilio wa miaka, nikiuliza swali moja: ni nini kiliwafanya watu wa vilimani waiamini sauti iliyowafikia?

Tuanze na Mugera, iliyo ndani ya komini yetu. Mapadri Weupe walijaribu kwanza kukaa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, lakini wamisionari watatu waliuawa huko mwaka 1881. Walirudi baadaye, wakafungua misioni ya Muyaga mwaka 1898 na ile ya Mugera mwaka 1899. Hadi leo kila tarehe 15 Agosti mahujaji hupanda Mugera kwa wingi, wengine kwa miguu kutoka mikoa ya mbali. Lakini mapadri wachache wasingeweza kufika kila mahali katika nchi ambayo watu hawakai kijijini, bali kila familia ina boma lake kilimani. Tena Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa ameweka kanuni kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Nani angefundisha miaka yote hiyo? Katekista.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kilikuwa mtu. Katekista alikuwa jirani. Watu walijua shamba lake linaishia wapi, mke wake ni binti wa nani, na kama alikuwa na deni la pombe. Akifundisha jambo asubuhi na mtu asilielewe, jioni aliweza kufuatwa nyumbani kwake na kuulizwa. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Chombo cha pili kilikuwa karatasi. Jirani zetu wa Rwanda walipata gazeti lao la Kikatoliki, Kinyamateka, mwaka 1933. Burundi ilipata Ndongozi mwaka 1940, kwa Kirundi. Miaka kumi baadaye, 1950, Mapadri Weupe wa Tabora walianzisha Kiongozi kwa Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba Ndongozi na Kiongozi ni majina ndugu. Ni kama kwamba pande mbili za mpaka zilikubaliana gazeti linapaswa kufanya kazi gani. Lakini wengi hawakujua kusoma. Aliyejua aliwasomea wengine, na hivyo hata karatasi ilihitaji sauti ya mtu waliyemfahamu.

Ndiyo maana Kanisa likaendesha shule za Yaga Mukama.  Watoto ambao hawakupata nafasi katika shule ya serikali walijifunza huko katekisimu pamoja na kusoma na kuandika Kirundi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisoma huko. Alikuwa na miaka kumi, ameshaanza kuunganisha silabi, shule yake ilipofungwa mwaka 1986.

Ilifungwaje? Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyechukua madaraka mwaka 1976, aligombana na Kanisa kwa miaka mingi. Wamisionari wengi wa kigeni walifukuzwa, ibada za siku za kazi zikawekewa vizuizi, na mwaka 1986 shule za Yaga Mukama zikafungwa. Vizuizi hivyo viliondolewa baada ya Bagaza kupinduliwa tarehe 3 Septemba 1987. Kwangu hilo ni funzo kubwa. Serikali yenye jeshi na redio ya taifa iliona haja ya kufunga vibanda ambamo katekista aliwafundisha watoto a, e, i, o, u. Ilijua nguvu iko wapi. Shangazi alimalizia kusoma peke yake, kwa kitabu cha nyimbo. Mpaka leo husoma akifuata mstari kwa kidole, na midomo inatikisika.

Chombo cha tatu ni redio. Hapa Waprotestanti walitangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wamisionari wao walianzisha redio CORDAC mjini Bujumbura, nayo ilidumu mpaka ilipofungwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1963 Walutheri walifungua Addis Ababa kituo kikubwa zaidi, kilichosikika kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Serikali ya mapinduzi ya Ethiopia ilikitaifisha mwaka 1977.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi cherehani Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Muyinga ina Waislamu wengi, na sokoni Kiswahili husikika sawa na Kirundi; ndiko nilikojifunza lugha hii ninayoandikia. Babu aliweka redio yake juu ya meza ya kazi. Mahubiri ya Kiswahili yalipoanza, wateja wake Waislamu hawakuondoka. Walisikiliza, wakabisha, wakamuuliza babu maswali, naye akajibu alivyoweza huku akishona. Mhubiri aliyekuwa mbali hakujua kwamba katika kibaraza kimoja cha Muyinga alikuwa na msaidizi asiyelipwa.

Lakini redio haichagui inachobeba. Mwaka 1994 RTLM ilichochea mauaji nchini Rwanda, na Burundi nayo ilipata redio ya kujificha iliyopanda chuki. Mwaka 1995 ilianzishwa Studio Ijambo, ambako waandishi Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja ili watu wapate habari za kuaminika. Kwa hiyo boma moja, kwa kifaa kimoja, liliweza kusikia sumu na dawa siku moja.

Kisha ikaja Julai 1996. Tarehe 20 mwezi huo, kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa hapa Bugendana ilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 300, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 23 walizikwa. Rais Sylvestre Ntibantunganya alipofika alirushiwa mawe, na siku mbili baadaye jeshi likampindua. Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, alikuwepo kwenye mazishi, akalaani mauaji hayo waziwazi mbele ya makaburi. Tarehe 9 Septemba naye aliuawa katika shambulio la njiani. Shangazi alikuwa na miaka ishirini. Habari ya kifo hicho aliipata kwa redio ya jirani, na anasema hakuna aliyeizima wala aliyezungumza mpaka betri zilipokwisha.

Nimefikiria sana juu ya askofu huyo. Angeweza kutoa tamko akiwa Gitega likasomwa redioni. Alichagua kusimama mahali ambapo kila mtu alimwona uso, katika siku ambazo kuonekana kulikuwa hatari.

Sasa tuko kwenye chombo cha nne. Vituo vya dini kama Radio Maria vinasikika, na simu imeingia karibu kila boma. Mwaka jana wanakwaya wa kilimani kwetu waliniomba nifungue kundi la WhatsApp la kutumiana masomo ya Jumapili. Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Kisha ukaja ujumbe wa sauti: mtu asiyejitaja alidai ametokewa na Bikira Maria, na kwamba asiyeutuma kwa watu ishirini atapata msiba. Wengi waliutuma. Naona haya kusema kwamba hata mimi nilinyamaza, nikiogopa kuonekana msomi anayedharau imani za watu.

Shangazi aliusikiliza mara mbili, akaniuliza: "Mwanangu, huyu anayesema ni nani, na anakaa kilima gani?" Nikamwambia hajulikani. Akanirudishia simu. "Basi nitamuuliza nani nisipoelewa?"

Chuoni tunafundishwa kuhoji kila chanzo: nani alisema, wapi, kwa nini. Shangazi alifundishwa hayo hayo na katekista aliyekaa ng'ambo ya bonde, kabla shule yao haijafungwa.

Jibu la swali langu la mwanzo ndilo hilo. Bugendana iliiamini sauti ambayo mwenyewe aliweza kupatikana na kuulizwa. Gazeti na redio zilifanya kazi njema palipokuwa na mtu wa kusimama kati yake na msikilizaji, kama babu na cherehani yake. Mtu huyo alipokosekana, hata jina la Mungu liliweza kutumika kutisha watu.

Sikufunga kundi. Niliwaandikia wanakwaya kwamba ujumbe ule ni uongo, na kwamba nilikosea kunyamaza. Sasa kila Ijumaa Shangazi husoma Injili ya Jumapili kwa Kirundi, nami namrekodi. Anasoma polepole, na wakati mwingine anarudia neno. Kabla ya kuanza hutaja jina lake na kilima chake, na kwamba baada ya misa atakuwa chini ya mti wa parachichi nyuma ya kanisa. Jumapili iliyopita walimfuata watu wanne.